Ipsum ya 2004 au Isis ya 2006 kwa familia ya watu saba: nikague nini kabla ya kulipa?

MamaGoba

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada wa wanaozijua Toyota za viti saba kwa undani.

Nyumbani tuko saba: wakubwa watatu, mmoja wao mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua na hawezi kupanda gari ya juu, na watoto wanne, mdogo ana miaka miwili. Tunakaa Goba, Dar, shule iko Mbezi Beach. Kila siku ni vilima, matuta na foleni, na Desemba ni Moshi na mizigo yake. Bajeti ni milioni 15, na humo humo nataka ibaki ya matengenezo ya mwanzo.

Zimebaki mbili:

Ipsum ya 2004, ACM21, cc 2,400, namba C. Odometa inasoma 148,000. Imepulizwa rangi upya, inang'aa sana. Anataka 12.5. Muuzaji anasema injini "iliguswa mara moja tu, gasketi".

Isis ya 2006, cc 2,000 ya D-4, gia boksi ya CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia), namba D, milango ya nyuma ya kuteleza. Iko yadi, wanataka 13.8.

Najua zote zimeshaacha kutengenezwa, Ipsum tangu 2009 na Isis tangu 2017. Ningependa kujua ipi ina ugonjwa unaotibika na ipi itanifilisi, na nikifika pale nikague nini kwa mpangilio upi. Fundi nitaenda naye, lakini nataka nami nijue anachotazama.

---

Spana17

Dada, kabla ya kulinganisha hizo mbili, rudi kwenye sentensi ya muuzaji: "iliguswa mara moja tu, gasketi". Kwa injini ya hiyo Ipsum, hilo ndilo jambo la kwanza kuulizia, na rangi inayong'aa haina uzito wowote mbele yake.

ACM21 ina injini ya 2AZ-FE, cc 2,362, bloku ya aluminiamu. Hedi (sehemu ya juu ya injini) inashikwa na bolti 10 zinazojifunga kwenye meno yaliyokatwa ndani ya aluminiamu yenyewe. Kwenye injini za miaka ya mwanzo, takriban 2001 hadi 2006, meno hayo ni mafupi. Baadaye Toyota iliyarefusha. Injini ikichemka mara chache, au ikipanuka na kusinyaa kwa miaka mingi, meno ya bolti za katikati upande wa nyuma yanang'oka. Upande wa nyuma ni ule wa ekzosi, unaotazamana na ukuta wa kabini. Bolti inabaki imesimama mahali pake lakini haibani kitu. Hedi inanyanyuka kiasi kidogo sana, kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) inapenya kwa nje nyuma ya injini na kukaukia kwenye joto la ekzosi. Chini hakudondoki kitu. Mwenye gari anaona tu maji yanapungua, anaongeza ya bomba, safari inaendelea mpaka siku mshale unapanda katikati ya foleni.

Sasa tatizo la "gasketi tu". Fundi anafungua, anapeleka hedi kuskimu (kusawazishwa kwa mashine), anaweka gasketi mpya (kizibo cha kati ya hedi na bloku) na kurudisha bolti zilezile. Wakati wa kukaza, bolti yenye meno yaliyokufa inazunguka bila kufikia mkazo. Hapo fundi mkweli anasimama na kumpigia mwenye gari simu. Asiye mkweli anafunga, gari inatembea miezi michache na kuvuja inarudi palepale. Gasketi haikuwa mgonjwa, ilikuwa dalili.

Tiba yenyewe ipo na inadumu. Injini inafunguliwa, matundu ya bloku yanatobolewa upya kwa mashine iliyonyooka, yanakatwa meno makubwa zaidi, kisha zinapachikwa bushi za chuma zenye meno ndani na nje, halafu bolti mpya za hedi. Yafanywe matundu yote 10. Akifanya matatu yaliyoharibika tu, yaliyobaki yatafuata kwa sababu aluminiamu ni ileile na umri ni uleule. Kazi hii haifanyiki kwa drili ya mkononi: tundu likienda upande hata kidogo, bolti inakaa mshazari na bloku imekwisha. Hedi nayo ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma kabla ya kuamua kuskimu. Bolti zinakazwa kwa torki (nguvu iliyopimwa), kisha kila moja inaongezwa robo mzunguko, kwa mpangilio wa kuanzia katikati kwenda nje.

Kwa hiyo muulize muuzaji: meno ya bloku yalitengenezwa? Nani alitoboa? Risiti ya bolti na bushi iko wapi? Akikosa majibu, hesabu kwamba kazi haijafanyika na toa gharama yake kwenye bei.

Ukaguzi. Mwambie mapema gari isiwashwe kabla hujafika. Ukiikuta ya moto, rudi siku nyingine. Hilo usilegeze, maana nusu ya dalili zinajificha injini ikishapata joto.

Ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Kulanti ya Toyota ni nyekundu au ya pinki na safi. Ukikuta maji ya kutu au ya kahawia, gari imeendeshwa kwa maji ya bomba, na kutu hiyo imo pia kwenye pampu ya maji na ndani ya hedi. Angalia tangi dogo la akiba na usawa wake, weka alama kwa kalamu. Kisha chukua simu, washa tochi na kamera ya video, ipitishe nyuma ya injini chini ya usawa wa hedi. Unatafuta ukoko mweupe, wa pinki au wa kutu ulioteremka kama mchirizi. Injini iliyooshwa ikameta siku ya ukaguzi isikufurahishe, kwani ukoko huo ndio wa kwanza kuondoka na maji ya presha.

Washa. Sekunde mbili tatu za kwanza sikiliza upande wa cheni. Mkwaruzo mfupi unaokatika ni oili inapanda, mlio unaoendelea ni cheni au kikaza cheni. Iache ikae na AC ikiwa imewashwa dakika 20 hadi 25. Feni za rejeta lazima ziingie zenyewe. Fundi wako awe na mashine inayosoma Toyota za Japani (vile vidude vidogo vya bei nafuu mara nyingi havishikani na magari ya Japani ya miaka hiyo). Joto la kulanti likae kati ya nyuzi 85 na 97 hivi. Likipita 105 na bado linapanda, zima na maliza mazungumzo.

Kisha jambo ambalo Dar halimjii mtu akilini: washa hita. Geuza joto hadi mwisho. Ikitoa hewa ya moto muda wote, maji yanazunguka. Ikiwa ya moto unapokanyaga mafuta na kupoa ikiachwa isilensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), kuna hewa kwenye mfumo au kulanti imepungua, na kwenye 2AZ mshukiwa wa kwanza ni zile bolti.

Mwisho, kuna kipimo cha dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Ikigeuka njano, gesi ya moto inaingia kwenye maji. Kumbuka kwamba 2AZ mara nyingi inavujia nje, kwa hiyo dawa kubaki bluu hakuisafishi gari. Pampu ya kupima presha ya rejeta ndiyo inayotoa jibu: pandisha hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, acha dakika 15, ikishuka tafuta inakotokea.

Habari njema ni kwamba injini hii imo pia kwenye Harrier ya 2.4, Kluger, Alphard, Estima, RAV4 na Camry. Pampu ya maji, koili, sensa na maunti (mipira inayoshikilia injini) zake hazikosekani Kariakoo wala Gerezani. Kinachosumbua kwenye Ipsum ni vitu vya bodi: taa, bampa, vioo na vitasa vyake haviingiliani na hizo.

---

ChiniYaGari

Spana17 amemaliza juu, niongeze oili na chini.

Oili ya 2AZ: kwenye Camry za kuanzia 2007 injini hii ilijulikana kwa kula oili kupitia ringi za pistoni, hadi Toyota Marekani ikaongeza udhamini mwaka 2015. Kipimo chao kilikuwa zaidi ya lita 1 hivi kwa kilometa 1,900. Ya 2004 haiko kwenye kundi hilo, lakini umri na oili iliyocheleweshwa vinaziba matundu ya ringi vilevile. Baada ya injini kupata moto, mtu akanyage hadi mizunguko 3,000, aachie, asubiri isilensa dakika mbili, akanyage tena. Moshi wa bluu ukitoka wakati huo, inakula oili. Moshi mweupe wenye harufu tamu ni kulanti.

Gia boksi ya Ipsum inayovuta mbele ni otomatiki ya gia nne, ngumu kwelikweli ikitunzwa. Oili yake ni Toyota T-IV. Pima kwa kijiti injini ikiwa ya moto na inanguruma: nyekundu ni nzuri, kahawia yenye harufu ya kuungua ni mbaya. Kanyaga breki, hamisha kutoka N kwenda R kisha D. Ikichelewa zaidi ya sekunde moja na nusu kushika au ikigonga, jiandae. Ukifungua bolti ya chini inatoka kama lita 3.5 tu, nyingine inabaki ndani, ndiyo maana watu hubadilisha mara mbili au tatu kwa kuachana kilometa mia kadhaa. Usikubali dawa ya kusafishia gia boksi kwenye gari ambayo haijabadilishwa oili miaka mingi.

Mtetemo kwenye D ukiwa na AC, halafu unatulia ukiweka N, kwa kawaida ni maunti ya injini. Si ugonjwa mkubwa, ila utumie kwenye mazungumzo ya bei.

Chini, kwa barabara za Goba na Msakuzi, tazama bushi za mikono ya chini, boljointi na vijiti vya stablaiza. Vijiti ndivyo hugonga kwanza kwenye matuta, na ni vya bei ndogo. Shokapu za nyuma ndizo hoja. Gari ikibeba watu saba wenye wastani wa kilo 60 ni kilo 420 kabla ya begi moja. Kaeni wote saba siku ya majaribio, nakusihi. Pita kwenye tuta kwa mwendo wa kawaida: tumbo likigusa au nyuma ikinesa zaidi ya mara moja na nusu, shokapu na springi za nyuma zimechoka.

Tairi nazo. Ubavuni kuna tarakimu nne, mfano 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya miaka saba yenye kashata nzuri bado ni mzee, na safari ya Moshi ni zaidi ya kilometa 500 za lami yenye joto kupitia Segera na Same. Upepo uujaze kwa kufuata kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa mzigo kamili.

Viti vya safu ya tatu: Ipsum inatosha watoto wawili au mtu mzima kwa safari fupi. Vikiwa wazi, buti inabaki ya mabegi machache ya shule. Kwa Moshi utahitaji keria ya juu, na vitu vizito vibaki chini. Vuta kila mkanda mpaka mwisho, kila kiti, uone kama unarudi wenyewe na unakamata ukiuvuta kwa ghafla. Mkanda wa safu ya tatu ndio husahauliwa, na ndiko watoto wanakaa.

---

NambaYaChasisi

Niguse jambo ambalo sioni likitajwa kwenye mauzo yetu, na hapa kuna watoto.

Eabegi (mifuko ya hewa ya usalama) za kampuni ya Takata. Kemikali ya amonia naitreti iliyo ndani ya kichochezi inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na eabegi ikifyatuka kopo lake linaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva au abiria. Joto na unyevu wa miaka mingi ndiyo hali ya hewa ya pwani yetu. Toyota iliita magari mengi duniani kubadilisha vichochezi, zikiwemo Avensis Verso, ambalo ndilo jina la Ipsum nje ya Japani. Tovuti ya Toyota ya Japani ina sehemu ya kuingiza namba ya chasisi (zile herufi na tarakimu, ACM21-xxxxxxx au ANM10-xxxxxxx) na inakuambia kama kuna wito uliobaki wazi. Iko kwa Kijapani, kivinjari kinatafsiri. Fanya hivyo kwa zote mbili kabla ya kulipa. Taa ya eabegi kwenye dashibodi nayo: ukiweka swichi ON lazima iwake, kisha izime baada ya sekunde chache. Isiyowaka kabisa imechomolewa.

Mafuriko. Dar gari iliyolala kwenye maji ya Jangwani au bondeni Msasani inapigwa rangi na kurudi sokoni, na umesema hii imepulizwa upya. Nyanyua kapeti chini ya kiti cha dereva na la buti panapokaa tairi ya akiba. Tazama reli za viti kama zina kutu, soketi za waya chini ya viti kama zina ukungu wa kijani, na mkanda wa kiti ukiuvuta wote mstari wa tope ulioishia katikati. Harufu ya marashi mengi kuliko kawaida ichukulie kama swali.

Karatasi, kwa haraka: namba ya chasisi kwenye kadi, kwenye bati la ukuta wa injini na iliyogongwa kwenye bodi zifanane. Kadi ikiwa na jina la benki pamoja na la mmiliki, kuna mkopo, na usilipe mpaka barua ya kumaliza deni ionekane. Angalia deni la faini za trafiki na la maegesho ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kwa namba ya gari, vyote vinaonekana mtandaoni. Uhamisho ni TRA (mamlaka ya mapato), wote wawili na TIN (namba za mlipa kodi) zenu. Usikubali kuendesha kwa kadi ya mtu mwingine "mpaka mwakani".

Ukianza kufikiria kuagiza Japani, kumbuka cc juu ya 2,000 inalipa ushuru wa bidhaa 10% na ya kati ya 1,000 na 2,000 inalipa 5%, na gari ya zaidi ya miaka 10 inaongezewa 30% ya uchakavu. Ipsum zote zimeshapita hapo, haina hesabu tena kuiagiza. TRA inakadiria kwa thamani iliyo kwenye mfumo wake, risiti ya muuzaji haitumiki peke yake.

---

MlangoWaKuteleza

Naitetea Isis kidogo, kisha niseme kwa nini hiyo mahususi isinunuliwe haraka.

Kwa mama mkwe mwenye magoti na mtoto wa miaka miwili, Isis ni nzuri kuliko Ipsum. Upande wa kushoto hakuna nguzo ya katikati. Imo ndani ya milango. Ukifungua mlango wa mbele na kutelezesha wa nyuma unapata uwazi wa karibu mita 1.9, sakafu iko chini, mtu anakaa kwanza ndipo anageuza miguu. Na kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, uwazi huo unatazama ukingo wa barabara. Hata kumfunga mtoto kwenye kiti chake kunakuwa rahisi.

Kwa sababu hiyohiyo, Isis iliyogongwa ubavu wa kushoto usiiguse. Nguvu ya ubavu iko kwenye milango na makufuli yake ya juu na chini. Funga milango yote miwili, pitisha kidole kwenye nafasi kati yake kuanzia juu hadi chini: nafasi iwe sawa. Mwaga maji juu ya paa uone kama yanaingia. Mlango wa umeme ukikwama nusu njia, kebo au mota inaelekea mwisho, na si vitu vya kupata kila duka.

Shida ya hiyo ya yadi ni injini. 2006 cc 2,000 ni ANM10, injini 1AZ-FSE ya D-4. Inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Petroli haizioshi tena valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo masizi yanaganda juu yake na kwenye vile vipepeo vya njia ya hewa. Matokeo ni isilensa inayopanda na kushuka, kuzimika ukisimama kwenye taa, na nguvu kupotea mlimani. Kusafisha vizuri ni kufungua manifoldi nzima, dawa ya kumwaga kwenye tangi haifiki huko. Petroli iliyochakachuliwa inaua pampu na nozeli zake mapema kuliko injini ya kawaida.

Chomoa kijiti cha oili unuse. Oili ikinuka petroli, au ikiwa juu ya alama ya mwisho ilhali hakuna aliyeongeza, pampu ya presha inavujisha petroli ndani ya injini na kuilainisha oili. Hiyo ni pampu mpya, na huenda beringi zimeshaumia. Tena 1AZ ni ndugu wa 2AZ, bloku ya aluminiamu, ugonjwa wa bolti za hedi inao pia. Kila alichoandika Spana17 kifanye na huku.

CVT yake kwa vilima vya Goba ikiwa na watu saba inapata joto. Ijaribu ikiwa ya moto: simama mlimani, achia breki, ondoka taratibu. Ikitikisika kati ya kilometa 0 na 20 kwa saa, au ikilia kama mluzi unaopanda na mwendo, achana nayo. Oili yake ni maalumu ya CVT, aina iliyoandikwa kwenye kitabu au kwenye kijiti. Aliyewahi kuweka ATF (oili ya gia otomatiki) ya kawaida humo ameshaiharibu.

Ukitaka Isis, tafuta ZNM10: cc 1,800, injini 1ZZ-FE isiyo ya D-4, gia boksi ya kawaida ya gia nne. Itapumua kwa shida mlimani ikijaa, lakini fundi yeyote wa Dar anaijua. Chagua ya baada ya katikati ya 2005, za mwanzo wa 1ZZ zilikula oili. Ukipata ZGM10 ya 2009 na kuendelea ndani ya bajeti, injini ni nzuri zaidi ingawa gia boksi ni CVT.

---

MamaGoba

Asanteni sana, nimechapisha yote nikaenda nayo. Majibu ya leo asubuhi:

Ipsum, ilikuwa baridi. Rejeta ina maji ya kahawia mepesi, si kulanti. Nyuma ya injini video inaonyesha mchirizi mweupe mmoja mfupi, karibu na katikati. Dawa ya bluu ilibaki bluu. Joto lilikaa 92 hadi 96 dakika 25 na AC. Hita ilikuwa ya moto, ikapoa tukiiacha isilensa, ikawa ya moto tena fundi alipokanyaga. Gia inashika vizuri, oili yake nyekundu iliyofifia. Hakuna moshi. Reli za viti safi, mikanda safi. Kuhusu bolti, muuzaji anasema fundi wake "alikaza vizuri", risiti ina gasketi na kuskimu tu. Amekubali kushuka hadi 11.

Isis, oili inanuka petroli waziwazi.

Fundi wangu anasema Ipsum "bado nzima, joto halikupanda". Ninunue?

---

MlangoWaKuteleza

Isis imejibu yenyewe. Ifute.

---

Spana17

Dada, joto halikupanda kwa sababu gari imesimama, haina mzigo. Hita iliyopoa isilensa, mchirizi wa katikati nyuma, maji badala ya kulanti na risiti isiyo na bolti vinasema jambo moja: meno ya nyuma yamelegea na hedi inavujia nje. Dawa kubaki bluu kunalingana na hilo, haipingi.

Hiyo haimaanishi uikimbie. Gia boksi nzima, haikulala kwenye maji, na haina moshi. Mwili huo una thamani. Inamaanisha bei yake ni ya gari inayosubiri kufunguliwa injini. Fanya hivi. Omba pampu ya presha leo au kesho, dakika 15, mbele ya muuzaji. Ikishuka, mnaona wote wawili na hakuna kubishana. Kisha nenda kwa mwenye mashine ya kutobolea bloku, siyo kwa fundi wa gereji, umwombe bei ya matundu 10 na bushi zake kwa maandishi. Juu yake ongeza bolti 10 mpya, gasketi ya hedi ya Toyota, kukagua hedi, pampu ya maji, themostati, mfuniko wa rejeta wenye namba ileile ya presha, kulanti, oili na filta, na ufundi wa kufungua na kufunga. Jumla hiyo itoke kwenye 11, pamoja na kitu cha pembeni kwa sababu rejeta yenye kutu hiyo inaweza kuhitaji kubadilishwa.

Akikataa, muache. Ipsum nyingine zipo, na sasa unajua cha kumulika.

Akikubali, usiendeshe nayo hata wiki moja "ili kuizoea". Itoke kwake iende moja kwa moja kufunguliwa, na ikibidi ivutwe. Hedi inayonyanyuka kidogo leo ikichemka mara moja pale Mbezi kwenye foleni inapinda, na hapo hesabu yote inabadilika. Siku ya kufunga uwepo. Mwambie fundi akupigie kabla ya kurudisha hedi, uone bushi 10 kwa macho yako na upige picha, hiyo picha ikae na kadi ya gari. Wakimaliza kujaza kulanti, hita iwe wazi hadi mwisho na injini isilensa mpaka feni ziingie mara mbili, ndipo hewa itoke yote. Kesho yake asubuhi ikiwa baridi fungua mfuniko, kipungukacho kijaze kwa kulanti ileile, si maji, na rudia kipimo cha hita. Ikibaki ya moto isilensa, watoto wapande.